Mistari ya rangi kwenye monita: anza na menyu yake yenyewe

Mtu akiona mstari wa kijani au wa zambarau umesimama kwenye monita, wazo la kwanza ni kununua nyingine. Tafadhali usikimbilie huko. Nimeletewa monita ambazo wenyewe walishazikatia tamaa, kumbe kebo tu ilikuwa imelegea. Kabla ya yote, jua kama mstari unatoka kwenye monita au kwenye kompyuta.

Kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote hakihitaji hata bisibisi. Bonyeza kitufe cha menyu kilicho kwenye monita, ile menyu ya kurekebishia mwanga. Hiyo huchorwa na monita yenyewe, haitoki kwenye kompyuta. Mstari ukipita juu ya menyu na kuyakata maandishi yake, ubovu umo ndani ya monita. Menyu ikitokea safi, mistari ikaishia pembeni mwake, shuku kebo au kompyuta. Ukitaka uhakika zaidi, chomoa kebo ya picha lakini umeme uuache. Ujumbe wa kukosa mawimbi ("No Signal") ukijitokeza na mstari bado upo, kompyuta haina kosa.

Kebo haina mambo mengi. Ichomoe pande zote mbili, uichomeke tena mpaka ikae sawasawa, kisha jaribu tundu jingine na kebo nyingine unayojua ni nzima. Kama ni VGA, ile kebo ya zamani yenye pini nyingi, chungulia zile pini zake. Nyekundu, kijani na bluu kila moja ina pini yake, kwa hiyo moja ikipinda picha nzima hubadilika rangi. Kebo ya HDMI, ile ya kisasa zaidi, ikiwa mbovu mara nyingi huleta vidoti vinavyometameta, au picha inayokatika na kurudi.

Upande wa kompyuta, piga skrinishoti uitume kwenye simu. Mistari ikionekana hata kwenye simu, monita na kebo hazihusiki: tatizo ni kadi ya michoro, yaani kifaa kinachotengeneza picha ndani ya kompyuta, au draiva, yaani programu inayokiendesha. Kwenye Windows bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa na draiva itaanza upya bila kufunga kazi zako. Isiposaidia, washa kompyuta upya uingie BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Huko draiva ya Windows bado haijapakiwa, kwa hiyo mistari ikikufuata hadi huko, ugonjwa umo kwenye kadi yenyewe. Ikija tu wakati wa gemu nzito na kupotea kompyuta ikitulia, angalia joto: vumbi limeziba wapi, feni inazunguka?

Laptopu haina menyu hiyo, basi iunganishe na monita ya nje. Picha ya nje ikiwa safi, fungua na kufunga kifuniko taratibu huku ukitazama kioo. Mstari unaokuja na kupotea kadiri pembe inavyobadilika mara nyingi ni wa kebo nyembamba inayopita kwenye bawaba, na hiyo fundi anaweza kuibadilisha.

Sasa ule mstari mmoja mwembamba, wa rangi ileile, kutoka juu hadi chini. Huu ndio unaoniumiza, maana najua jibu lake. Kioo cha Full HD kina safu wima 1920 za pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, na kila pikseli ina sehemu tatu za rangi, yaani safu ndogo 5760. Umeme wake huingia kupitia vipande vyembamba vilivyogandishwa ukingoni mwa kioo. Mgandisho ukiachia mahali padogo tu, safu moja hukosa amri na kubaki na rangi moja. Ndiyo maana wengine hubonyeza ukingo na mstari ukapotea, kisha ukarudi. Usiendelee kubonyeza, utapasua kioo. Kugandisha upya kunataka mashine maalumu, na kubadilisha kioo mara nyingi gharama yake hukaribia ya monita mpya.

Usiifungue mwenyewe pia. Kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji, za sehemu ya umeme huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Tazama kwanza kama waranti bado ipo. Kama ipo, fungua ile menyu na upige picha kwa simu, mstari ukionekana umepita juu yake. Ukiwa na picha hiyo, muuzaji hana namna ya kusema tatizo ni kompyuta yako.