Kabla Giaboksi Haijashushwa, Kagua Klachi ya Chini

Kijana mmoja wa Kadutu, mjini Bukavu, ameniandikia kwamba Toyota Hilux ya baba yake, ya miaka ya 1990, imeanza kukataa gia, na kwamba fundi anataka giaboksi ishushwe ili pleti ya klachi, ile sahani iliyo kati ya injini na giaboksi, ibadilishwe. Ninamjibu hadharani, kwa sababu sisi tunaoishi kwa pikapu hizi tumekwisha kulipia pleti nyingi zilizokuwa bado nzima.

Yangu ilianza nikitoka Kamanyola na mzigo wa mchele. Katika mlima wa Ngomo, mahali ambapo dereva hana nafasi ya kubahatisha gia, pedali ililegea na gia ya pili ikagoma, ikawa lazima niikanyage pedali mara kadhaa ndipo gia iingie. Nilipofika Bukavu, fundi wa gereji niliyoiamini kwa miaka mingi hakuinama hata kutazama chini ya gari. "Papa, pleti imekwisha," aliniambia, na giaboksi ikashushwa. Nililipia pleti, beringi na kazi, gari likatoka na ugonjwa uleule, kisha nikaambiwa kwamba pleti mpya huhitaji muda wa kuzoea. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa pleti ya zamani niliyorudishiwa ilikuwa bado nene.

Nyumbani nilizima injini, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikajilaza chini ya gari huku mwanangu akikanyaga pedali. Fimbo ya klachi ya chini, ile silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi na kusukumwa na mafuta pedali ikikanyagwa, ilisogea kidogo sana, kisha ikaanza kurudi ingawa mguu wa mtoto ulikuwa bado umeshikilia pedali. Nilipofunua kifuniko chake cha mpira, mafuta ya breki yalinitiririkia kiganjani, meusi, yenye chembe za kutu. Ugonjwa wote ulikuwa katika mpira mmoja wa ndani, mdogo kuliko kizibo cha chupa, na niliubadilisha mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jifunzeni kutofautisha magonjwa mawili. Injini ikinguruma kwa nguvu huku gari likishindwa kupanda, klachi inateleza, na hapo pleti inastahili kushukiwa. Lakini gia zikikataa injini ikiwaka, hasa ya kurudi nyuma, kisha zikaingia kwa urahisi injini ikizimwa, klachi haiachii, yaani injini bado imeshikana na giaboksi, na uchunguzi uanzie kwenye mafuta, mpira na silinda. Pedali inayopata nguvu baada ya kukanyagwa mara kadhaa mara nyingi ina upepo ndani ya mfumo. Inayozama polepole bila tone kuonekana nje huelekeza kwenye mpira wa ndani wa klachi ya juu, ile silinda inayosukumwa na pedali.

Hakuna anayepaswa kuruhusu giaboksi yake iguswe kabla hajaiona fimbo ya klachi ya chini ikisogea. Mali ni yako, na fundi mwaminifu hatakasirika ukiomba akuonyeshe. Wala msikubali mtu amimine mafuta ya injini ndani ya kikopo cha klachi, kile kinachohifadhi mafuta yake, kwa maana huvimbisha mipira yote na kuiharibu. Tumieni mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa iliyofungwa vizuri, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ndio unaoleta kutu ndani ya silinda. Silinda ikiwa na mashimo ya kutu, ibadilisheni nzima, la sivyo mpira mpya utakatwa upesi.

Mkisha kutoa upepo, wekeni alama kwenye kikopo na mkiangalie asubuhi kabla ya kuondoka. Mafuta yakiwa yamepungua na klachi ya chini ni kavu, pitisheni kidole juu ya pedali, pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye ukuta unaotenganisha dereva na injini: unyevunyevu wa mahali hapo unatoka klachi ya juu.