Nisomee Ukurasa Mmoja

Mhariri, assalaam alaykum. Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Unasoma na nani, na mnafanyaje ili mapenzi ya vitabu yatoke kwa mmoja yaingie kwa mwengine?" Nadhani mlitaraji mistari michache. Jibu langu limerefuka, naomba mnivumilie, kwani jambo hili nalipenda mno na sijapata kuulizwa mbele za watu.

Naishi Wete, kisiwani Pemba. Nasoma na wenzangu walioko hapa Wete, Micheweni, Chake Chake, Unguja mjini na Dar es Salaam, na shoga yangu mmoja aliyeolewa Muscat. Tunakutana kwenye simu baada ya isha, katika kundi letu la WhatsApp. Najua wapo wanaosema simu ndiyo iliyowaondoa watu kwenye vitabu. Kwetu simu ndiyo iliyowarudisha, na sababu yake, kwa maoni yangu, ni moja: mtu hapendi kitabu kwa kuambiwa kuwa ni kizuri. Hukipenda akisomewa ukurasa mmoja na mtu anayemjua, kwa sauti, bila ya haraka, kisha akaachwa na hamu yake.

Kundi lenyewe limezaliwa na kundi jengine, la tuliosoma pamoja sekondari. Kila mtu anayo makundi ya aina hiyo: tanzia, michango ya harusi, picha za Idi, dua zilizopita mikono mia. Sizidharau tanzia hata kidogo, maiti ana haki yake. Lakini usiku mmoja mwenzetu wa Micheweni, ambaye sasa ni mwalimu, alirikodi ukurasa wa kwanza wa *Mzimu wa Watu wa Kale* akautuma bila ya neno jengine lolote. Hakutuambia tusome, hakutuma orodha ya vitabu, wala hakusema vijana wa siku hizi hawasomi. Wa kwanza kujibu aliandika: "Enhe, kisha?" Wa pili akauliza ndiye nani huyo anayesoma. Ilipofika asubuhi walikuwepo wa kutosha wanaotaka kuendelea, tukajitenga nao tukafungua kundi la kusoma tu.

Sikujua wakati ule, lakini sasa nasema kwa yakini kwamba hadithi ya upelelezi ndiyo mlango mzuri kuliko yote kwa watu wazima walioacha vitabu tangu skuli. Muhammed Said Abdulla alikitoa kitabu kile 1960, na Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, bado anaweza kuwakesheza watu wenye watoto wadogo na kazi za asubuhi. Tulikubaliana twende sura kwa sura, na anayemaliza mbele afunge mdomo. Kungojana huko ndiko kulikotufunga pamoja. Mmoja wetu ni dereva wa gari ya abiria ya Chake na Wete. Alikuwa akisikiliza akiwa kituoni, gari ikisubiri kujaa, na jioni anatuletea ushahidi alioupanga kuliko sote. Mtu huyu alikuwa akituambia kwamba kusoma ni kwa waliosoma.

Nimesema "kwa sauti", na hapo nataka nikae kidogo, maana ndipo moyo wa jibu langu ulipo.

Kwetu visiwani kitabu kimeanza kusikilizwa kabla ya kusomwa. Tenzi zilighaniwa ukumbini, mmoja kashika karatasi na wengine wamemzunguka. Gazeti lilisomwa barazani na mwenye miwani, wengine wakatia maneno yao. Kusoma kimya, peke yako, mdomo umefungwa, tulifundishwa skuli, na wengi wetu tulikuacha kule kule. Sasa ujumbe wa sauti umeturudishia ukumbi, ila ukumbi wenyewe umevuka bahari. Nikiisikia sauti ya shoga yangu wa Muscat anasoma, na nyuma yake watoto wake wanagombana, najua amekaa wapi na amechoka kiasi gani. Naye akisoma maneno ya mtu mbaya wa hadithi hukaza sauti, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo.

Yupo na bibi. Ni bibi yake mwenzetu wa Chake, mtu mzima sana. Alisoma chuo cha Kurani, na kwa herufi za Kiarabu anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi, kama wazee wengi wa zama zake. Hizi herufi za kizungu ndizo zinazomsumbua. Kabla ya sauti asingeweza kuwa msomaji pamoja nasi. Sasa mjukuu wake humsomea kitabu nyumbani, humfungulia sauti zetu, na humrikodi akijibu. Hukumu zake ni kali. Hasemi mhusika huyu amechorwaje. Husema huyu kalelewa vibaya, na yule mama yake angeliona mapema. Wengi tunayangoja maneno yake kuliko tunavyoingoja sura inayofuata.

Ulipoingia msimu wa karafuu nilidhani kundi litakufa. Aliyewahi kukaa Pemba msimu huo anafahamu: mchana watu wako mikarafuuni, usiku wamelizunguka rundo wanachambua, karafuu huku, makonyo kule, na kesho yake ni kuanika na kuikimbiza mvua. Nani atashika kitabu? Ikawa kinyume kabisa. Kuchambua hushughulisha mikono na kuyaacha masikio bure. Nyumbani kwetu mmoja alikaa karibu na taa na kitabu, sisi tukawa tunachambua, na zamu ikazunguka kwa sababu hata msomaji anataka kupumzisha koo. Waliokuwa peke yao walisikiliza mazungumzo ya wenzao simuni. Watoto wasiokuwa na haja na kundi letu wakaanza kuuliza yule mtu kaishia wapi. Sijui njia nyengine yoyote ya kumtia mtoto hamu ya kitabu inayofanana na hiyo: asikie watu wazima wanabishana juu yake, wala hakuna aliyemwambia asikilize.

Sasa niseme kuhusu skuli, na nasema kwa heshima ya walimu, maana mwenzetu ni mmoja wao. Mwanzoni kila mtu alikuwa akizungumza kama anajibu mtihani. "Mwandishi amefaulu kifani na kimaudhui." "Dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke." Sauti zilikuwa zimekakamaa, na waliopata alama ndogo za fasihi zamani zile wakanyamaza kwa kuogopa kukosea. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyependekeza tuyaweke pembeni maneno hayo. Badala yake, anayetaka kusema asome kwanza sentensi iliyomgusa, kisha aeleze imemgusa wapi. Basi. Tangu hapo waliokuwa kimya wamesema, na waliozoea kusema sana wamejifunza kurudi kitabuni. Uchambuzi una pahala pake, lakini mapenzi hayaanzi hapo, na nadhani tumewapoteza wasomaji wengi kwa kuanzia hapo.

Kitabu kilichotufungua zaidi ni *Peponi*, riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar 1948, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021 tulishangilia kama ndugu zake, na huku wengi wetu hatukuwa tumesoma hata ukurasa wake mmoja, kwa sababu ameandika kwa Kiingereza. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilipochapwa Dar es Salaam 2022 na Mkuki na Nyota, ndipo tulipoweza kumkaribisha nyumbani. Mwenye kuijua hadithi anamjua Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayeondoka kwao na tajiri Aziz akidhani anafuatana na ami yake, kumbe ni deni la baba yake linalolipwa.

Usiku wa sura hiyo zamu ya kusoma ilikuwa ya mwenzetu mmoja wa kike, na ameniruhusu niyaandike haya bila ya jina lake. Alifika kati ya ukurasa akasimama. Kisha akatuma sauti nyengine, akasema kwamba naye alitolewa kwao shamba akapelekwa mjini kwa jamaa ili asomeshwe, na skuli yenyewe akaiona kwa kupita nje, akitumwa dukani. Tunamjua tangu utotoni na hatukuwa tukilijua hilo. Hakuna aliyempa nasaha. Wawili wengine walisema ya kwao, mmoja akasema nyumbani kwao ndiko walikoletwa watoto wa watu, na kwamba tangu asome kurasa zile anawakumbuka kwa majina. Kesho yake yule mwenzetu alimalizia ukurasa wake, maana hakutaka mtu mwengine amsomee.

Ndiyo maana nasema kusoma na marafiki si sawa na kusoma na yeyote. Kitabu hukupa pahala pa kuanzia maneno ambayo ungeona haya kuyaanza wewe.

*Kuli* ya Shafi Adam Shafi ilikuja kwa njia nyengine. Ni riwaya iliyojengwa juu ya mgomo wa makuli wa 1948, ulioanzia bandarini ukaenea mjini Unguja. Wenzetu wawili walikumbuka kuwa babu zao walipakua mizigo Malindi, bandari ya Unguja, wakaenda kuwauliza wazee waliobaki. Baadhi ya masuali hayakupata majibu, wazee wameshasahau au hawataki. Lakini mjukuu alikwenda kukaa na mzee wake na kumuuliza juu ya kazi yake, na aliyempeleka ni riwaya.

Liko jambo nataka kulisema wazi. Kila tukianza kitabu, mtu huuliza: hakuna PDF? Kundini kwetu haziruhusiwi, na atakayezituma zitafutwa. Waandishi wetu na wafasiri wetu hawali kwa sifa. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na hata isingekuwepo, kumpenda mwandishi na kumnyima haki yake ni mambo yasiyokaa pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo hatukirikodi kitabu kizima. Anayesoma kwenye kundi husoma ukurasa au mbili za kutuchokoza na za kuzungumzia, nyengine kila mtu azitafute kwenye kitabu chenyewe.

Na kukipata si rahisi. Hapa nikiingia dukani napata madaftari, vitabu vya skuli na vya dini. Riwaya mpaka mtu avuke. Kwa hiyo tunachanga, tunanunua nakala chache, na msafiri yeyote anayekuja kwa meli kutoka Malindi anabebeshwa. Nakala huzunguka nyumba kwa nyumba, na nyuma yake kila aliyeimaliza huandika jina lake. Walioko Unguja hutazama kwanza maktaba ya Maisara. Kama wachapishaji wanalisoma jarida hili, nawaomba wajue kwamba wasomaji wapo Wete na Micheweni, tayari kununua, na tatizo letu ni kwamba kitabu hakitufikii.

Wapo wasiosema kitu kabisa. Wanasikiliza, tiki zinageuka buluu, mwezi unapita. Wengine walitaka tuwatoe. Mimi nilikataa na bado nakataa. Mmoja wao nilikutana naye sokoni, akanisomesha kisa chote cha *Kuli* mbele ya mafungu ya muhogo, na maoni yake yalikuwa mazuri kuliko niliyoyasikia kundini. Ana mume, wakwe, na nyumba isiyokuwa na pembe ya faragha; kusema kwenye simu usiku hakumuwezekani. Kusikiliza kunawezekana, na mtu kama huyo ni msomaji kamili.

Sasa tumeingia kwenye mashairi, kwa mara ya kwanza, na tumeanza na marehemu Haji Gora Haji, mtu wa Tumbatu, na diwani yake *Kimbunga*. Mambo si mepesi. Mwalimu wetu anasema shairi lisomwe pole pole ili maana ishike. Bibi wa Chake amekataa: anasema shairi lisilotiwa mahadhi halijasomwa, na amemtaka mjukuu wake amtafutie siku ambayo kifua chake kitakuwa kizima aghani mwenyewe. Dereva yuko upande wa bibi, shoga yangu wa Muscat anasema tusikilize zote mbili kisha tubishane vizuri. Mimi nimeshapanga zamu hadi mwezi wa Rajabu, na bibi nimemuweka wa kwanza.