Kipimo cha apnia ya usingizi cha nyumbani

Dada, umeuliza kama mzee anayekoroma huko Marekani lazima akalale maabara ndo apimwe apnia, yaani pumzi kukatikakatika usingizini. Hapana, cha nyumbani kipo na bei ni afadhali sana, ukilipa keshi mara nyingi ni kama dola 150 mpaka 300 hivi, cha kulala maabara kinapita elfu moja bila shida. Ila lazima daktari aandike, siku hizi unaongea naye kwa video tu halafu kimashine kinakuja kwa posta. Kama mzee ana Medicare, ile bima ya serikali hasa ya wazee wa miaka 65 kwenda juu, inalipa asilimia 80 akishatoa kile kiasi chake cha mwanzo wa mwaka, na bima nyingi za kazini ndo zenyewe zinakulazimisha uanze na cha nyumbani.

Mimi nilivaa, mkanda kifuani, kimpira puani na kile kibanio cha kidole chenye taa nyekundu, saa nane usiku kibanio kikachomoka nikalala hivyohivyo, asubuhi naambiwa data haitoshi rudia 😅 Mbandike plasta kwenye kidole, nakwambia, na uliza mapema kama kurudia wanachaji tena.

Halafu majibu yakitoka safi na bado mzee anasinzia kwenye usukani msikubali, vipimo vingi vya nyumbani havipimi usingizi wenyewe, vinagawa kwa masaa yote mashine iliyowaka hata aliyokuwa macho, basi namba ya pumzi kukatika kwa saa inashuka. Hapo sasa akalale maabara. Kama ana ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu waanzie hukohuko.