Barua kwa mwanangu: Dirisha namba tatu

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Sauti yako niliisikiliza mara mbili, ya pili nimezima feni nisikie vizuri. Umeuliza jambo moja: bosi anataka programu ya ile SACCOS ianze kazi Ijumaa, kabla ya mwisho wa mwezi, na nyinyi mmeshaona mara mbili kwamba mtandao ukisuasua, mtu akabonyeza tena, malipo yanaandikwa mara mbili. Ukatae, hata ikibidi kufukuzwa? Halafu ukaniambatishia na vichekesho vya wenzako.

Vichekesho nimeviona. Kile cha kijana aliye siku ya kwanza kazini, katuma sasisho dogo na sasa anakwenda zake kupumzika, nilikielewa, kwa kuwa habari ya CrowdStrike, ile kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ulinieleza mwenyewe. Ijumaa ile, Julai 19, 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, walituma faili moja. Kabla ya saa mbili na nusu walishaliondoa, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka, na mafundi wakabaki kuzunguka moja moja kulifuta kwa mkono. Delta, shirika la ndege la Marekani, peke yao walifuta safari za ndege karibu 7,000. Na chanzo chake? Sehemu moja ya programu ilitegemea vitu 21, nyingine ikaleta 20. Kimoja tu! Mimi dirishani nikipungukiwa na kimoja, siku hiyo siendi nyumbani. Waliposikia kwamba washirika wa CrowdStrike walipewa vocha ya chakula ya dola 10 kama pole, na wengine wakijaribu kuitumia inakataa, shangazi zako walicheka mpaka chai ikamwagika. Na mimi nilicheka, sikatai.

Ila hiki kingine, cha fundi anayesema "mbona kwangu inafanya kazi", hapana.

Unakumbuka baiskeli ya baba yako, ile Phoenix tuliyowaambia imeibwa sokoni Ngamiani? Haikuibwa. Mwaka 2003 walikuwa wametuletea kompyuta pale ofisini (unajua ofisi gani, siitaji), mimi nikiwa dirisha namba tatu. Siku moja akaja mwenye nyumba ya wageni kulipa ankara, shilingi 184,000. Nimehesabu noti, nimefunga kwa mpira, nimeandika, nimebonyeza. Kioo kikaganda. Nikangoja. Foleni imefika mlangoni, mzee mmoja anagonga kaunta kwa ufunguo. Nikabonyeza tena. Ikatoka risiti moja, mteja akaenda zake. Jioni kompyuta ikasema nimepokea 368,000 kwa mtu yule. Sandukuni mna 184,000.

Mhasibu mkuu hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniambia kwa upole, kama anayemsemesha mgonjwa: "Mama Zuhura, wenzako wote mahesabu yao yamekaa sawa. Ni wewe tu." Nikakatwa 23,000 kila mwezi, miezi minane. Ada ya Zuhura ilitoka kwenye baiskeli. Na yule mwenye nyumba ya wageni, ankara zilizofuata zikasoma kwamba ana salio, na hakufungua mdomo.

Mwaka uliofuata wakaja vijana wa programu kutoka Dar kutufanyia marekebisho. Nikamsimulia mmoja wao. Akacheka, Hamisi. Akasema, "Aa, hiyo tunaijua siku nyingi, mama. Kwenye toleo jipya imeondoka." Hivyo tu, akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Hela yangu hakuna aliyeitaja, na mimi sikudai, nikiogopa kuonekana mgomvi.

Siku zote nakwambia: mashine haina aibu, aibu aone anayejua. Kukosea ni kukosea, hata mimi nimewahi kumrudishia mtu chenji ya elfu kumi badala ya elfu moja. Shida ni kujua na kukaa kimya.

Ndiyo maana habari ya posta ya Uingereza ilipotangazwa redioni nilikaa chini. Watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha vituo vya posta walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, kwa sababu mfumo wao wa kompyuta, Horizon, ulionyesha fedha zimepungua. Wengi waliambiwa maneno yaleyale: ni wewe tu. Mpaka 2024 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu. Pale Dalmellington, Uskoti, mama mmoja alipokea pauni 8,000, kioo kikaganda, akabonyeza, akabonyeza, na mfumo ukaandika 32,000. Nilitaka kuinuka nimpigie simu, kana kwamba ninayo namba yake.

Lakini nisimwonee yule kijana wa Dar. Pengine alicheka kwa haya. Baba yako naye alikuwa anacheka kila gari alilolitengeneza likirudi linavutwa kwa kamba, na usiku hapati usingizi. Pengine nyinyi mnacheka hivyohivyo. Na yule kijana alikuwa na bosi, kama wewe. Angekataa, angeletwa mwingine, na mimi ningekatwa palepale. Sasa huyo mwingine naye angekataa? Sijui, najizungusha mwenyewe hapa.

Usinilazimishe nikwambie kataa. Neno liko mdomoni, unanijua. Ila una kodi ya nyumba, na Asha yuko mwezi wa saba, na mshahara wako siulipi mimi. Nanyamaza, na inaniuma kunyamaza.

Nijibu na wewe swali langu: hapo SACCOS, dirishani anakaa nani? Umeshamwambia kwamba ikiganda asibonyeze tena? Kama mkubwa wako hataki iandikwe kwenye maelekezo, mpigie wewe, Alhamisi, kabla hajafungua sanduku.

Risiti ninayo bado, kwenye kopo la biskuti chini ya vyeti vyenu. Wino umefifia, lakini 184,000 inasomeka.

Mama yako