Jibu: menyu ya kuwashia kompyuta inaandika "NgΓÇÖamua" badala ya "Ng'amua"

Mkuu, flashi yako ni nzima, na huyo fundi wa Kariakoo anayetaka kukuuzia kadi nyingine ya picha mwambie asubiri kwanza.

Umesema menyu ya SYSLINUX (programu inayowasha kompyuta kutoka kwenye flashi) uliiandika kwenye Word. Hapo ndipo penye tatizo: Word imekipinda kile kikoma cha juu cha ng'. Katika UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti), kikoma kilichopinda ni baiti tatu: E2, 80, 99. Skrini ya kuwashia, kabla Linux haijapanda, inatumia fonti ya kale ya IBM PC, CP437, yenye nafasi 256 tu, na kila baiti inachorewa herufi yake. Ndiyo hizo Γ, Ç na Ö.

Kwenye Linux, piga amri hii ya iconv, inayogeuza maandishi kutoka mfumo mmoja wa herufi kwenda mwingine:

iconv -f UTF-8 -t CP437//TRANSLIT menyu.txt > syslinux.cfg

TRANSLIT, inayobadili herufi isiyokuwepo kwa inayofanana nayo, usiiruke. Bila hiyo iconv itagoma, maana CP437 haina kikoma kilichopinda. Ikiwepo, unapata kile kilichonyooka.

Kusema kweli, Kiswahili chote kinaenea ndani ya ASCII (seti ya msingi ya herufi za kompyuta). Ukiandikia kwenye Notepad tangu mwanzo, huna cha kubadili. Ila wateja wakitaka menyu ya Kiarabu, achana na CP437 kabisa, hamia GRUB (programu nyingine ya kuwashia kompyuta) yenye gfxterm (skrini yake ya michoro) na fonti ya unicode.pf2.