Kabla hujatia saini

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Umeniuliza kama kazi ya ufundi wa pampu kwenye meli ya kuchimba sakafu ya bahari, huko Pasifiki baina ya Hawaii na Meksiko, ina hatari kwako. Meli hazikutishi. Mie nauliza tope litatua wapi.

Madonge watakayoyachimba, ya manganizi, nikeli, shaba na kobalti, ukubwa wa mbatata, yamelala kwenye kina cha mita 4,000 hadi 5,500. Mtambo huyapiga kwa maji ya nguvu na kuyafyonza pamoja na tope la juu, ambamo ndimo mlimo na chakula cha viumbe wa chini. Tope jingi hutemwa palepale. Madonge hupanda kwa bomba. Melini huchujwa, maji machafu yakarudishwa baharini. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Bomba la kurudishia likiishia katikati ya maji, viumbe wanaokula kwa kuchuja hujaa tope. Likishushwa hadi chini, wingu la huko huzidi.

Niseme haki: jaribio la mtambo kama huo mwaka 2021 lilionyesha asilimia 92 hadi 98 ya tope ama lilitua ama lilibaki chini ya mita 2 kutoka sakafuni. Vizuri. Lakini mita 2 hizo ndizo makazi ya sifongo, viumbe walao kwa kuchuja maji, mahali ambapo tope huongezeka milimita chache tu kwa miaka elfu. Kwa hiyo narudia, linatua wapi, na juu ya nani?

Kwenye bonde la Peru, chini ya bahari, watafiti walikokota plau kwa majaribio mwaka 1989. Waliporudi 2015 michirizi bado ilionekana. Huko huko wameonekana pweza wakiatamia mayai kwenye vikonyo vya sifongo waliokufa, vilivyoota juu ya madonge.

Pweza! Bibi yako na wenziwe walipofunga mwamba miezi mitatu, pweza wasivuliwe, babu yako alinuna kuliko wote. Siku ya kufungua yeye ndiye aliyebeba vikapu viwili, kimya. Mpaka leo hucheka peke yangu. Ila pweza wetu hukua upesi, na mwamba ulikuwapo. Donge hukua milimita chache kwa miaka milioni. Likishapanda melini, utafungua nini?

Utasema nikeli ya nchi kavu nayo hukata misitu. Kweli. Na paa la nyumba unalijua hali yake. Sikwambii usende, ingawa ulimi unaniwasha. Waulize bomba linaishia mita ngapi, eneo gani halitaguswa ili lilinganishwe, na nani atarudi kupima baada ya miaka 10. Uniandikie walivyojibu, hata kama ni kwa kuguna.

Baba yako