Sushi na samba meza moja?

Dada uliyeuliza kama SushiSamba ya London ni mgahawa wa Kijapani au wa Kibrazili: ni vyote viwili, na Peru juu yake. Ndoa hiyo ni ya zamani. Wajapani walianza kuhamia Peru mwaka 1899 na Brazil mwaka 1908, wengi wakiwa vibarua wa mashamba ya miwa na kahawa, wakaanza kupika cha kwao kwa viungo walivyovikuta huko.

Anza na tiradito. Ni samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba kama sashimi, kisha akamwagiwa ndimu na pilipili ya manjano ya Peru. Ndimu inamgeuza mweupe ukingoni hapo hapo kwenye sahani, kwa hiyo piga picha moja tu, ule! Asiyeweza kibichi aulizie anticucho, mishikaki yao Waperu.

Mgahawa uko ghorofa ya 38, mji wote uko chini yako. Nenda kabla jua halijazama. Usiku muziki unapanda na mtaongea kwa kupigiana kelele. Sahani zenyewe ndogo, za kuchangia. Ukienda na njaa ya ugali, bili itakushtua.